Siku Koko Alipoliomba Likuta Msamaha

Juzi hapa Beni, katika duka moja kwenye barabara ya Mavivi, sarafu ilianguka sakafuni. Ilikuwa shilingi ya Uganda, imevuka mpaka ndani ya mfuko wa dereva fulani bila kuulizwa karatasi. Iligonga saruji, ikalia, ikajizungusha kwa madaha, kisha ikalala. Vijana waliokuwa wakinunua sabuni walishtuka wakaitazama kama mdudu wa ajabu. Siwalaumu. Kwetu Kongo hatuna sarafu siku hizi. Tuna noti zilizochakaa, zinazonuka samaki mkavu na jasho la kwapa, na noti ndogo zikikosekana mwenye duka anakurudishia pipi mbili na tabasamu.

Kabla sijajua ni kwa nini, mlio ule ulikuwa umeshanitia hasira. Nilitoka nimeacha hata chenji yangu, na muuza duka akanikimbilia hadi barabarani akipiga kelele, "Mama Kavira! Makuta yako!"

Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Ninyi mliozaliwa juzi mnasema makuta mkimaanisha pesa, pesa yoyote, hata dola. Tajiri wa Butembo mwenye malori mnamwita mutu wa makuta. Lakini makuta yalikuwa vijisarafu tu, vidogo, vya kununulia ndizi moja au kiberiti. Moja liliitwa likuta. Nilipopata akili, kiasi cha miaka minane au tisa, makuta yalikuwa hayanunui hata hiyo ndizi. Bei zilikuwa zimeruka juu ya vichwa vyetu kama ndege zinazopaa kutoka uwanja wa Rughenda, na sarafu zikabaki chini, kwenye tope la soko, zikikanyagwa na wauza liki, vile vitunguu vya majani. Hakuna aliyeinama kuziokota isipokuwa sisi watoto, na sisi tulizichezea tu.

Sarafu zilikufa, neno likabaki midomoni. Mtaani kwetu lilikuwa na kazi nyingi. "Likuta moja halilii," walisema watu wazima wakitaka kutupatanisha, maana sarafu ikiwa peke yake mfukoni haina sauti. Mtu mwenye uso usiocheka wala kununa, ambaye ukimlilia ni yuleyule na ukimchekesha ni yuleyule, aliitwa uso wa likuta. Na mtu aliyejua ukweli akanyamaza wakati wa kusema, walisema amemeza likuta. Usemi huo wa mwisho nilijifunza maana yake mapema kuliko wenzangu, na sikujifunzia shuleni.

Tuliishi kwa Koko, mama mzaa mama yangu, kule Butembo, juu ya kilima kinachotazama njia ya Rughenda. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, na asubuhi ukungu uliingia ndani bila kubisha hodi, ukichanganyika na moshi wa mikaratusi. Baba yangu alikuwa mtu wa barabara, leo Kasindi, kesho Kisangani. Nimerithi miguu yake, ndiyo sababu nimehama miji mingi kuliko nguo nilizo nazo. Aliyetulea ni Koko na mama, pamoja na mjomba Mbusa, mdogo wake mama, kijana mtanashati aliyepiga pasi suruali yake kila jioni ingawa kesho yake hakuwa na pa kwenda.

Koko alikuwa na likuta moja, na likuta lile lilikuwa na kazi. Kwa hesabu lilikuwa la makuta matano, ingawa sisi kila sarafu tuliiita likuta, lenye uso wa Mkuu wa nchi upande mmoja, limesuguliwa na miaka hadi uso ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Alilifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, kitenge cha kujifunga kiunoni. Mtoto mchanga akitokeza kitovu, kile kitovu kinachovimba nje kama kidole gumba mtoto anapolia, mama yake alimleta kwa Koko. Koko alilichemsha likuta, akalifuta, akalizungushia kitambaa laini kilichopakwa mawese kidogo, akalikandamiza juu ya kitovu, akafunga mkanda wa kikwembe kuukuu kuzunguka tumbo. Alifanya yote hayo akinong'ona Salamu Maria, huku akimpulizia mtoto usoni ili anyamaze.

Likuta lile lilizunguka nyumba kwa nyumba. Kitovu kikirudi, mama alilirudisha, na hakurudi nalo mikono mitupu. Alilileta pamoja na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Haikuwa malipo. Koko angekasirika ukisema ni malipo. Chumvi ilikuwa ya kusema kwamba mtoto yuko salama na nyumba mbili hizi zimekula pamoja. Kilima kizima kilikuwa na vitovu vilivyopita chini ya likuta lile, changu kikiwemo. Manesi wananiambia sasa kwamba kitovu cha aina ile mara nyingi hurudi chenyewe, likuta au bila likuta. Sawa. Lakini nesi hawezi kuniambia ni nani mwingine kwenye kilima kile angeamka kwa ajili ya tumbo la mtoto wa mtu.

Mwaka ule tulikuwa na mbuzi nyuma ya jiko. Walitoka Kipese, kwa ndugu zake Koko, wakashuka kwa miguu pamoja na wapeleka viazi. Walikuwa mahari ya mjomba Mbusa. Alikuwa amepata mchumba, binti wa familia yenye kujiheshimu, na ninyi mnajua kwetu Wanande mahari ni mbuzi. Noti zinaweza kudanganya, mbuzi anasimama pale akitafuna na kila mtu anamwona. Kazi yangu ilikuwa kuwakatia majani. Nilijua kila mmoja kwa kikohozi chake. Shangazi za binti walikuwa wamesema wazi: mbuzi akipungua, binti haendi. Koko alikuwa ametumia miaka kuwakusanya, mmoja mmoja, kwa mavuno ya maharagwe, akijinyima hata sukari ya chai.

Ndipo alipokuja mke wa Citoyen.

Enzi zile hatukumwita mkubwa Bwana, tulimwita Citoyen. Huyu alikuwa ametumwa kutoka jimbo la mbali kuongoza biro, ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Alivaa lile koti lisilo na kola walilovaa wakubwa wote, na alisema Kiswahili kama mtu anayetafuna mchanga. Mke wake alikuwa tofauti. Alikuwa msichana mnene mwenye kicheko, aliyechanganya Kilingala na Kiswahili hadi watu sokoni wakamuuzia vitu kwa bei ya huruma. Alikuja mlangoni mwa jiko akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa akilia kwa ile sauti ya kukwaruza ya mtoto aliyelia tangu asubuhi.

"Mama, batu banasema uko na likuta," alisema.

"Banasema," Koko alijibu. "Keti kwanza. Mutu hapana leta kilio mulangoni akiwa amesimama."

Alimfungua mtoto. Kitovu kilikuwa kimetoka, kinang'aa. Mke wa Citoyen akaanza kulia pamoja na mtoto.

"Hapana ogopa," Koko alimwambia. "Kitofu ni kama mugeni. Akitoka inje kwa hasira, unamurudisha polepole na heshima. Ukimusukuma kwa nguvu, atatoka tena."

"Bwana yangu hapendi hii bintu ya kienyeji."

"Bwana yako alizaliwa na kitofu ao alizaliwa bila?"

Yule dada alicheka huku machozi yakimdondoka. Koko alifunga, mtoto akanyamaza, wakanywa chai isiyo na sukari. Aliondoka akisema "wasingya", asante ya Kinande, kwa lafudhi mbaya kabisa, na mama yangu akasema jioni kwamba hatimaye serikali imetuletea mtu mmoja mzuri.

Siku chache baadaye askari wawili walipanda kilima wakati wa mchana, tukiwa tunapepeta maharagwe. Mmoja alikuwa na bunduki, mwingine alikuwa na aibu.

"Mama, yaka," yule wa bunduki alimwambia Koko aje, kwa Kilingala cha askari. "Chef iko nakuita." Chef ndiye Citoyen.

"Juu ya nini?"

"Juu ya Président."

Koko alicheka. Alidhani ni mzaha. Kisha akaona yule mwenye aibu anatazama chini, akaomba achukue sweta yake. Walimteremsha kilimani katikati yao, mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani, na kila mlango tuliopita ulikuwa na mtu amesimama. Mama aliwafuata mbio. Mimi niliwafuata na ungo mkononi. Nilisahau kuuweka chini.

Kosa lilikuwa hili: Citoyen alimfungua mtoto wake kumwogesha, akakuta uso wa Mkuu wa nchi umefungwa tumboni, umegeuziwa chini, umelowa mkojo. Akasema ni matusi kwa taifa. Akasema katika miji mingine watu wamepotea kwa jambo dogo kuliko hilo. Akamfungia Koko kwenye chumba cha biro walimoweka majembe ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, na akasema atakata shauri mbele ya watu wote siku hiyo ya salongo.

Hebu niseme polepole, maana hata leo naona kama naota. Sarafu ambayo hata ombaomba alikuwa hainami kuiokota. Sarafu zilizolala kwa mamia kwenye tope la soko, na uso ule ule juu yake, zikikanyagwa na punda, na viatu vya Citoyen mwenyewe. Uso ule ukiwa chini ya kwato, hakuna kosa. Uso ule ukiwa juu ya kitovu cha mtoto, ukimtuliza, ni uasi.

Mama Kahambu, jirani yetu wa chini, alilisema hilo. Alilisema vizuri sana, akiwa ndani ya jiko lake, dirisha limefungwa.

"Punda ananyea ule uso kila siku, mbona punda hapana fungwa?"

"Njoo tuseme hivyo biro," mama alimwambia. "Watoto wako wote walifungwa lile likuta. Njoo wewe na wenzako mseme ni desturi, si matusi."

"Ee, dada yangu, mi niko na batoto."

"Ndiyo hao nilikuwa nasema."

Mama alipita nyumba kwa nyumba, nikiwa nyuma yake. Kila nyumba ilikuwa na sababu. Mmoja mguu unamuuma. Mwingine mume wake ana kesi ya shamba kwa Citoyen huyohuyo. Mwingine alitoa parachichi mbili, akasema tumpelekee Koko, akafunga mlango taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Walikuwa wamemeza likuta, wote, na ukiwasikiliza kwa makini ungelisikia likigonga kwenye meno yao wanapokupa pole.

Mjomba Mbusa hakupita nyumba yoyote. Alikaa kwenye kiti chake, suruali imepigwa pasi.

"Nilimuambia aache ile mambo ya kizamani," alisema. "Sasa bakwe bakisikia kama mama yangu iko kashoo, mu kifungo, watasema je? Donc ndoa yangu iharibike juu ya kitofu ya mutoto wa mutu?"

"Ni mama yako," mama alimwambia.

"Ni mama yangu, mais ni kichwa yake ngumu ndiyo ilimufungisha."

Mimi na mama tulipeleka chakula kila siku, bugali na maharagwe yaliyopikwa na liki ili harufu imkumbushe nyumbani. Walimruhusu mama kuingia, mimi nilibaki nje kwenye ngazi. Siku moja kabla ya salongo, mama alikaa ndani muda mrefu. Nilisikia sauti ya Citoyen, kisha ya Koko. Mama alitoka macho mekundu, bakuli likiwa limejaa vilevile. Nilimuuliza kama Koko atarudi. Alisema, "Atarudi kesho." Lakini alilisema kama mtu anayetangaza msiba, na njia nzima alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikaniuma.

Jumamosi kilima kizima kiliteremka na majembe. Ilikuwa imenyesha usiku, uwanja wa biro ulikuwa tope, bendera imelowa na kujikunja kwenye mlingoti wake. Citoyen alisimama juu ya ngazi akiwa na leso nyeupe kiganjani, na juu ya leso, likuta. Alihutubia sana. Sikuelewa nusu yake. Kisha akamwita Koko, akampa likuta, akamwambia apige magoti na aliombe msamaha.

Si kumwomba yeye. Kuliomba likuta.

Koko aliinua kikwembe chake kidogo, kisichafuke, akapiga magoti. Nguo yake ya ndani, ile nyeupe ya kwendea misa, ilizama kwenye tope. Aliweka likuta kwenye viganja viwili, kama anavyopokea komunyo, akalitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuniita nikate majani:

"Likuta, unisamehe. Sikujua kama umekuwa mukubwa. Mi nilizania uko wa batoto."

Kisha mtu akacheka. Kicheko kikashika jembe hadi jembe, mpaka uwanja mzima. Citoyen hakujua kama wanamcheka Koko au wanamcheka yeye, akaamua ni Koko, akacheka pia. "Tena!" alisema. "Kwa sauti!" Koko akarudia. Wakacheka tena, safari hii kwa raha zaidi, kwa sababu mkubwa ameruhusu. Kisha Citoyen akalichukua likuta, akalitia mfukoni.

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha mjomba Mbusa. Nilikuwa karibu naye. Niliyaona meno yake yote. Alikuwa amegeuza uso upande wa ngazi ili Citoyen aone vizuri kwamba kijana huyu hayumo upande wa mama huyu.

Mke wa Citoyen alikuwa dirishani, mtoto kifuani. Yeye hakucheka. Siku iliyofuata tulipofungua mlango tulikuta chumvi juu ya jiwe la kunawia miguu, imefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuna aliyemwona akiiweka. Mgeni huyo wa majimbo ya mbali ndiye peke yake aliyejua kwamba kitu kilichoazimwa hurudishwa na chumvi, hata kama kitu chenyewe kimebaki mfukoni mwa mume wake. Koko alipika na chumvi ile. Mwezi haukuisha, yule dada akarudishwa kwao na lori la mizigo, na sikumwona tena.

Mimi nilikuwa nimemkasirikia Koko. Nasema ukweli wa mtoto. Nilitaka arushe likuta lile usoni mwa Citoyen. Nilitaka akatae, wamfunge, tumpelekee chakula milele, nijivunie shuleni. Badala yake alipiga magoti kwenye tope na kuongea na sarafu, na Jumatatu darasani wenzangu waliweka vifuniko vya chupa juu ya dawati langu wakavipigia magoti. "Likuta, unisamehe!" Hata mwalimu alificha mdomo na kitabu. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Koko kwa nini aliogopa. Alikuwa anachambua majani ya muhogo ya kupikia sombe. Alisema, "Nenda ukate majani. Mbuzi bako na njaa."

Ndoa ilifanyika. Mjomba Mbusa alikuja jikoni usiku wa kuamkia kupeleka mahari, akasimama mlangoni akigusa mshono wa suruali yake.

"Mama, kesho ni afazali ubakie. Batu batacheka. Siku ni ya kwangu, hapana taka bacheke."

Nilimtazama Koko, nikingoja amfukuze. Aliuliza tu, "Mbuzi mwenye doa, umemufunga kamba mupya? Ile ya zamani imeoza." Mjomba akasema amefunga. "Basi ni muzuri," akasema Koko.

Kwa hiyo walienda, na mbuzi wote, hakuna aliyepungua. Tulisikia baadaye kwamba shangazi za binti waliwashika mbuzi migongo wakasifu mafuta yao. Mimi nilikataa kwenda. Nilibaki na Koko tukichoma mahindi, na nyuma ya jiko palikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Alinichagulia mahindi laini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi, na kila nyimbo zilipotufikia kutoka ng'ambo ya bonde, aliacha kugeuza mahindi, akasikiliza, akaendelea.

Akina mama walirudi, bila shaka. Vitovu haviogopi serikali. Mama Kahambu alikuja na mjukuu mwenye kitovu kama embe, na kwa sababu likuta la Koko lilikuwa limebaki kwa Citoyen, alikuja na lake, ameliokota sokoni na kulisugua kwa jivu.

"Mama, utufungie."

"Hiyo likuta, imeombwa musamaha?"

"Koko, wacha mizaha."

"Mi hapana cheza. Mi niliona munacheka, nikafikiri munajua kazi. Mumupeleke kwa Chef. Yeye ndiyo iko na likuta ya kweli."

Hakumfunga mtoto yeyote tena hadi alipokufa. Watu wakasema amekuwa mchungu, uzee umemharibu. Wakasahau upesi nani aliharibu nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimerudi kutoka Kampala na begi moja, nilipokwenda Kipese kumsaidia mama kuchimba viazi. Koko alikuwa amekwisha kuzikwa. Tulikuwa tumekaa kwenye tuta, mikono imejaa udongo baridi, nami nikasema kwa dharau ileile ya utoto kwamba sitasahau Koko alivyopiga magoti. Mama aliweka jembe chini.

"Uliwahi kujiuliza kwa nini nilitoka na bakuli limejaa?" aliniambia.

Akanieleza. Siku ile moja kabla ya salongo, Citoyen alimpa Koko njia mbili. Alete mbuzi wawili nyuma ya biro, kimyakimya, arudi nyumbani jioni hiyohiyo na jina lake safi. Au kesho apige magoti mbele ya watu. Alijua kuhusu mbuzi. Kilima kizima kilijua. Mshahara wa Citoyen ulikuwa haujafika kwa miezi, na taifa lile lililotukanwa lilikuwa tayari kunyamaza kwa nyama. Mama alimsihi Koko awatoe. Koko akauliza, "Na Mbusa?" Mama akasema Mbusa ni kijana, atangoja. Koko akasema binti hatangoja. Kisha akamwapisha mama kwamba hatamwambia Mbusa kamwe, asije akamtazama mke wake kila siku akifikiri amenunuliwa kwa magoti ya mama yake.

"Ndiyo maana nilinyamaza," mama alisema. "Niliapa."

"Hata alipomkataza kwenda kupeleka mahari?"

"Hasa siku ile."

Sikuapa mimi. Lakini nilikaa nalo miaka mingi, nikilibeba Bunia, Kisangani, na kurudi tena, kwa sababu mama alikuwa hai na nilimheshimu. Sasa mama naye amekwenda. Na mwezi uliopita, hapa Beni, mjukuu wa mjomba Mbusa alioa. Mjomba ni mzee sasa, ana maduka, ana tumbo, ni mutu wa makuta hasa. Akashika maikrofoni. Akawasimulia wageni, kama anavyosimulia kila harusi, hadithi ya mama yake mshamba aliyeliomba likuta msamaha. Aliiga sauti yake. Alijaribu hata kupiga magoti, wajukuu wakamshika makwapa, na watu wakacheka hadi soda zikawatoka puani.

Nilimvuta nyuma ya hema, kwenye masufuria. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, mbuzi wawili na ile siku ya bakuli lililojaa. Alinisikiliza. Midomo yake ilicheza. Nilidhani atalia, na Mungu anisamehe, nilitaka alie.

"Angeniambia," alisema hatimaye. Alifikiri kidogo, akijikuna kidevu. "Angeniambia, ningetoa moja."

Mbuzi mmoja! Miaka yote hii, maduka yote haya, mama yake akiwa chini ya udongo, na bado anapatana bei.

Alinitazama akingoja nikubali kwamba hiyo ilikuwa bei nzuri. Huko mbele walikuwa wanamwita arudi amalizie hadithi. Akaenda. Lakini safari hii nilitangulia, nikachukua maikrofoni mezani, na nikawaambia wageni wote mbuzi wale walilipwa na nani. Mke wa mjomba, yule binti wa familia yenye kujiheshimu, aliweka sahani yake chini na kujifunika uso kwa kikwembe. Ndiye niliyemwumiza, najua, naye hakuwa na kosa. Hilo ndilo Koko aliloliona mbele akiwa kwenye chumba cha majembe, nami sikuliona mpaka nilipokwisha kusema.

Na bado nina hasira. Nimejaribu kuiweka chini mara nyingi, katika miji mingi. Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile kulikuwa na mtu mmoja aliyeogopa pale uwanjani, naye alikuwa yule aliyepiga magoti. Sasa nawahesabu tena wote waliokuwa wamesimama, na majembe mikononi, na vitovu vyao vizima chini ya nguo, nami nikiwa miongoni mwao. Na simwoni aliyekuwa hana woga ila yeye.